Saa ya Kirusi ya Masha Kingi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Masha Kingi, fundi wa mitambo ya barafu pale Liwatoni, bandari ya wavuvi. Alifariki mwezi uliopita, Agosti 1999, kwa maradhi ya figo. Hakuwa mtu wa majukwaa. Wengi wenu hamkumjua kwa jina, lakini huenda mlikula samaki aliowahifadhi kwa barafu yake.

Masha alizaliwa Ganze, bara ya Kilifi. Kwao saa ilikuwa ni jua. Alikuja kisiwani Mombasa akiwa kijana, akajifunza mitambo, akabaki. Mwaka 1992 hakuwa na saa mkononi, na hakuona haja yake. Alikuwa na haja nyingine. Alitaka kumwoa Mejumaa, binti wa Mzee Faraj wa mtaa wa Kuze.

Mzee Faraj alikuwa fundi wa kanzu, na alikuwa mkali wa wakati. Siku ya kwanza Masha alipoitwa nyumbani, mashua zilichelewa kushusha samaki, naye akachelewa. Mzee alimpokea mlangoni, akamuaga mlangoni. Alimwambia maneno haya: "Kuchelewa mara moja ni ajali, mwanangu. Mara mbili ni tabia. Jumamosi, saa kumi alasiri." Maana yake ilieleweka. Akichelewa tena, hakuna posa.

Jumamosi hiyo, adhuhuri, Masha alikwenda barabara ya Ndia Kuu kununua saa. Hakuwahi kununua saa maishani mwake. Alisimama kwa Ngumbao, muuza vinyago, ambaye kati ya vifaru na twiga wa mti alikuwa na saa tatu kuukuu.

"Hizi za wapi?"

"Za Urusi. Nchi yao imevunjika, mabaharia wauza hata vilivyo mkononi. Hii yaitwa Raketa."

"Yatembea?"

"Iulize mwenyewe."

Masha aliiweka sikioni. Ilitembea. Aliitikisa, akaipima uzito kiganjani, akapenda chuma chake. Anayenunua saa kuukuu kwa mara ya kwanza hufanya hivyo: husikiliza, hutikisa, hupenda. Hakuomba kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Hakukaa aone mishale inavyokwenda. Kioo kilikuwa cha plastiki, kimejaa mikwaruzo, na namba chini yake hazikusomeka. Mara adhana ya adhuhuri ikalia. Masha akatazama. Mishale yote miwili ilielekea chini: sita na nusu.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la Mombasa. Wazee wa Mji wa Kale, Mzee Faraj akiwamo, huziweka saa zao kwa hesabu ya Kiswahili. Adhuhuri mshale mfupi hauelekei juu kwenye kumi na mbili. Huelekea chini, kwenye sita, kama ulimi unavyosema. Masha alidhani ameletewa bahati: saa inayosema kama saa ya mkwe. Hakupatana sana bei na Ngumbao. Alilipa, akaivaa, akarudi kazini.

Chumba cha barafu hakina dirisha, na mtambo hauruhusu adhana kuingia. Masha alifanya kazi akitazama saa. Ilisema saba. Baadaye ilisema saba na kitu. Alifurahi kwamba muda ulikuwa mwingi. Ilipokaribia nane, alinawa mikono, akaona bado mapema, akarudia kufunga bomba.

Kahindi, mwenzake, ndiye aliyefungua mlango. "We Masha! Wakwe wamekufukuza tayari? Watu washaswali alasiri, wewe wabembeleza bomba!"

Alikimbia. Alifika Kuze saa kumi na moja, jasho na maji ya barafu vimechanganyika, saa moja nzima baada ya ahadi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wanukia samaki changu. Wenda wapi?"

"Nimekuja kwako, Mzee. Saa yangu yasema nane na nusu."

"Ati saa yako! Kila mvivu ana saa yake. Ilete."

Mzee aliishika mbali na macho, kisha karibu. Mshale mfupi ulikuwa katikati ya mahali pa nane na mahali pa tisa. Mshale mrefu ulikuwa juu kabisa. Saa ya kawaida haiwezi kusema hivyo: mrefu ukiwa juu, mfupi hukaa juu ya namba, si kati ya namba. Mzee aliliona hilo. Alivuta kiti.

"Kaa kitako. Ikiwa saa ndiyo iliyokosa, tutajua. Ikiwa ni wewe, pia tutajua."

Wakaitazama. Mejumaa alikuwa nyuma ya pazia. Anakumbuka hivi: "Baba hakuwa akimpa mgeni nafasi ya kumaliza kikombe. Siku ile kahawa ilipikwa mara tatu. Nilidhani wanagombana. Kumbe baba amuuliza habari za Ganze, za mamake, namna barafu inavyogandishwa. Jicho lake liko kwenye saa, sikio lake liko kwa Masha."

Maghribi iliadhiniwa. Mshale mrefu ulikuwa umezunguka mara moja na nusu. Ule mfupi ulikuwa ndio kwanza unapita mahali pa tisa. "Mkubwa ni mkweli," Mzee alisema. "Mdogo yuenda nusu ya mwendo. Rudi kesho adhuhuri. Usiiguse."

Masha alirudi adhuhuri. Mishale ilielekea chini, vilevile kama jana. Saa haikupoteza hata dakika. Mshale wake mfupi ulitengenezwa kuzunguka mara moja kwa siku nzima, mchana na usiku pamoja, kuanzia juu usiku wa manane, badala ya mara mbili. Ilikuwa nzima. Aliyeivaa hakujua kuisoma, basi.

"Haikudanganya," Mzee Faraj alisema. "Na wewe hukunidanganya." Kisha akamwita mkewe aje asikie posa.

Waliishi miaka saba. Walipata watoto wawili. Masha hakubadilisha saa. Alijifunza kuisoma, na hakuchelewa tena Kuze.

Siku ya mazishi, Mzee Faraj aliivaa yeye. Jeneza lilikuwa uani, tayari. Watu walikuwa wameswali alasiri. Karisa, ndugu yake Masha, alitusimulia: "Nilimwendea nikamwambia, Mzee, saa kumi imefika, watu wangoja. Yule mzee hajachelewesha kitu maisha yake. Aliitazama ile saa muda mrefu. Akasema, 'Yasema nane. Bado.'"

Hakuna aliyemsahihisha. Mzee aliweka mkono juu ya jeneza, akakaa. Kisha akasimama mwenyewe, akasema, "Haya, mwanangu. Twende."

Kwa Bi Mejumaa na watoto, kwa Mzee Faraj, kwa jamaa wa Ganze na wafanyakazi wote wa Liwatoni, tunatoa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Masha Kingi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini: yuko nani mliyemuaga mlangoni kwa kuchelewa, ambaye hamjamwambia akae kitako?

Kipindi hiki kilipaswa kwisha dakika moja iliyopita. Tumeiona saa. Tumekaa.