Mama Nyundo na Ufa wa Juu ya Shule

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kuvunja mawe kwa niaba yetu, Mama Nyundo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Niliombwa niandike katika programu hii ya sherehe kitu cha kuchangamsha ukumbi. Cha kuchangamsha kipo, na kinachoniudhi kipo pia. Nitaandika vyote.

Alipoajiriwa alikuwa mwanajiolojia pekee wa kike katika idara. Wakampa meza kando ya birika la chai, na mwezi mzima watu wakamwachia vikombe vichafu. Mwezi wa pili alidandia lori la milimani na nyundo yake mkononi, na meza ile ikabaki ya vikombe. Alisafiri mno hata kitinda mimba wake akazoea kumfungulia mlango kwa kusema, "Karibu mgeni, choo kiko kule mwisho."

Wapagazi bado wanasimulia habari za punda aliyetupa mizigo korongoni. Mama Nyundo alishuka kwa kamba, akakaa huko chini saa mbili, akarudi na gunia la mawe. Unga aliuacha. Mpagazi mmoja akalalamika, "Mama, mlima mzima ni mawe, si ungeokota mengine?" Akamjibu kwamba haya yana namba. Walilala na njaa siku mbili, na ramani ya safu ile ya milima ikakamilika.

Lakini kazi yake kubwa ni ufa. Kwenye mteremko ulio juu ya shule moja ya msingi, mwendo wa siku tatu kutoka barabarani, ardhi imepasuka. Miaka kumi na mmoja iliyopita alipigilia chuma kila upande wa ufa, na kila mwaka mvua zikiisha hupanda kupima umbali kati ya vyuma hivyo. Mara ya kwanza ulikuwa sentimita 62. Mwaka juzi ulikuwa 209. Kila mwaka aliandika ripoti ileile: mteremko utashuka, shule ihamishwe.

Mwaka jana nilikwenda naye. Utepe wetu wa kupimia umechakaa ncha, kwa hiyo tunaanzia alama ya sentimita kumi, kisha tunatoa kumi. Yeye akasoma, akatoa, akanitajia jibu. Mimi, mikono imekufa ganzi na ukungu umetanda, nikatoa kumi tena. Nikaandika 204. Asubuhi yake aliliona kosa, akanipandisha tena hadi juu, tukapima upya: 214. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, huo ufa hausomi daftari lako."

Tulipeleka namba zote mbili, pamoja na maelezo ya kosa. Kamati ya idara ikachukua 204, ikaandika kwamba ufa umeanza kujifunga, ikafunga faili. Nilikwenda kulalamika nikaambiwa nisijisumbue, namba ni ya mwandiko wangu mwenyewe. Kweli ni wangu. Na masahihisho yaliyo chini yake ni ya mwandiko wangu vilevile, ila hayo hakuna aliyetaka kuyasoma, kwa sababu 204 haimdai mtu kufanya chochote.

Leo tunampa saa ya ukutani. Mwanamke aliyetembea mpaka magoti yakaisha, tunampa saa! Kamati ya sherehe ilipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba barua moja ya kuhamisha shule kabla ya mvua zijazo. Walicheka, wakadhani anatania. Watoto mia mbili na kumi na sita wanasoma chini ya mteremko ule. Mkuu wa idara atakayekabidhi saa hiyo anayo programu hii mkononi, na naomba aisome mpaka mwisho.

Mama Nyundo, asante kwa kila jiwe lenye namba, na kwa kunipandisha mlima mara ya pili. Tunakutakia magoti yasiyouma, na nyumba ambamo hakuna tena atakayekuonyesha choo kilipo. Nafasi yako imefutwa na safari ya mwaka huu haimo kwenye ratiba, kwa hiyo nimeomba likizo yangu. Jumatatu napanda na utepe wako. Nitatoa kumi mara moja tu.