Dinah Wakhungu na Kadi Alizozichoma

Dinah Nasimiyu Wakhungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Chwele, Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Elijah Makokha na Mama Rasoa. Alisomea huko huko, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa karani mjini Kajiado. Huko alikutana na mwalimu Stephen Wakhungu, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 na kubarikiwa mabinti wawili, Caren na Sheryl. Walihamia Kitengela mwaka 1993.

Alipoacha kazi mwaka 1997, alianza kutengeneza kadi. Aliweka karatasi ngumu juu ya bati lililokatwa umbo la ua, akaisugua kwa mgongo wa kijiko hadi ua liinuke, kisha akapaka rangi kwa sponji, iguse palipoinuka tu. Rangi ikivuka, aliitupa kadi. "Hii ni uchafu," alisema, hata sisi wa nyumbani tusipoona kosa.

Tajeu, mfanyabiashara wa Namanga, aliwauzia watalii kadi hizo. Aliomba picha ya familia, eti wateja wamjue fundi. Juni 2003 Dinah alikwenda dukani kwake na rafiki yake Soipan, akageuza kadi moja. Nyuma palikuwa pamebandikwa picha ya Sheryl, iliyokatwa kutoka ile ya familia, na maneno: "Kazi ya yatima huyu."

"Sheryl ni yatima tangu lini?" aliuliza. "Mama yake si ni mimi nimesimama hapa?"

"Mama, wageni wanapenda hiyo stori," Tajeu alijibu akicheka.

Dinah alizibeba zote. Nyumbani alijaribu kubandua picha, lakini gundi ilikuwa imelowesha karatasi na maua yakalala. Akazichoma uani. Kwa miezi minane, kila akishika sponji, aliirudisha chini. Juzi Tajeu alituma watu watuombe tuliite jambo hilo kutoelewana. Hatuwezi. Lilituchukiza, na linatuchukiza hadi leo.

Aliporudi kazini, kwenye kila kadi liliinuka jina lake, kwa rangi nyekundu: "Dinah, mama Sheryl."

Mwaka 2005 alipatikana na kisukari, kikaharibu figo. Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2008, asubuhi, Caren alimpa chai isiyo na sukari. "Haya ni maji ya kuosha vikombe," alisema, akarudisha kikombe. Saa nne akatuacha.

Ameacha mabinti Caren na Sheryl, mjukuu Emmanuel, dada yake Jacinta, na mumewe Stephen, ambaye aliandika maneno yake ya kumuaga, akaomba tusiyasome.

Mungu ampe Dinah pumziko la amani.