Mama Emerensiana, Mpiga Chapa Aliyesoma Alichokichapa

Tarehe 30 Juni 1998 Bi. Emerensiana Sylvanus, ambaye hapa mahakamani hatujawahi kumwita vingine ila Mama Emerensiana, ataifunika taipureta yake na kustaafu. Ametumika kwa miaka thelathini na miwili na nusu, na miaka thelathini kati ya hiyo ameitumikia hapa hapa Mpanda. Mimi ni Antoni wa masjala. Meza yangu na yake zimetenganishwa na kabati moja tu la majalada, na ndiyo maana kazi ya kuandika haya imeniangukia mimi.

Alizaliwa Kapalamsenga mwaka 1943, akasoma hadi darasa la nane, akajifunza kupiga chapa Tabora. Januari 1966 aliajiriwa huko huko, na baada ya miaka miwili akahamishiwa kwetu. Alishuka kwenye treni na sanduku moja na mto wa kukalia, kwa sababu alikuwa ameambiwa viti vya Mpanda ni vigumu. Hakudanganywa.

Amefanya kazi na mahakimu tisa, na mwandiko wa kila mmoja aliusoma vizuri kuliko mwenyewe. Mmoja wao, ambaye simtaji kwa sababu sasa ni mkubwa, alikuwa na tabia ya kuja mezani kwake na karatasi mkononi na kumwuliza, "Mama, hapa niliandika nini?" Siku moja Mama akamjibu, "Uliandika kwamba mshtakiwa ana hatia, mheshimiwa. Ila ulikuwa na njaa." Hakimu akaenda kula, akarudi, akaisoma upya ile hukumu na kupunguza miezi mitatu.

Mwaka 1983, utepe wa taipureta ulipoadimika, aliuloweka utepe mkavu kwenye wino wa mihuri na kuuanika dirishani. Majalada ya mwaka ule yana rangi ya zambarau hadi leo. Anayetaka kuyaona aje masjala. Amewafundisha wapiga chapa wanane, na wote wanakumbuka alivyowafunika mikono kwa kitenge ili wasiangalie vidole.

Hayo yangetosha kwa mtu yeyote. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine. Kwa hiyo naomba uvumilivu wenu nisimulie kesi moja ya mwaka 1994.

Mshtakiwa aliitwa Malale, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Majengo, mwembamba, mwenye kichwa kidogo na tabasamu la kila wakati. Tulikuwa tunamfahamu. Alikwisha kufungwa mara mbili kwa wizi mdogo mdogo, na mara zote alikiri kabla hata shtaka halijamalizika kusomwa. Safari hii mambo yalikuwa makubwa: kuvunja duka Majengo mwezi wa nane, na kuvunja duka lingine Sitalike mwezi wa tisa. Katika maelezo aliyoyatoa polisi alikubali yote mawili. Kwa rekodi yake, miaka ya kifungo ilikuwa inamngoja.

Jalada lilipofika kwa Mama Emerensiana kuchapwa nakala, alichapa ukurasa wa kwanza, akachapa wa pili, kisha mashine ikanyamaza. Nilichungulia nyuma ya kabati nikidhani utepe umekwama. Alikuwa ameinua karatasi karibu na macho.

"Antoni, hebu nitolee lile jalada la baiskeli."

Nikamtolea. Lilikuwa la kesi ndogo ya Malale huyo huyo, kesi iliyofutwa baada ya baiskeli kuonekana kwa mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na hati ya kumpeleka mahabusu, ambayo Mama aliichapa kwa mikono yake. Siku duka la Sitalike lilipovunjwa, Malale alikuwa amefungiwa mahabusu kwa siku ya sita.

Mpiga chapa hana sauti katika kesi. Kazi yake ni kuchapa kilichoandikwa, hata kama kimekosewa. Mama alilijua hilo kuliko sisi sote. Hata hivyo alivaa viatu vyake, ambavyo huvivua akiwa mezani, akachukua majalada yote mawili na kubisha hodi kwa hakimu.

"Mheshimiwa, mimi si mwanasheria," alisema. "Lakini mtu hawezi kuwa mahabusu na kuvunja duka Sitalike siku hiyo hiyo."

Hakimu alisoma, akamtazama, akasoma tena. Kesi ilipoitwa, alimwuliza Malale maswali mwenyewe.

"Malale, wewe ndiye uliyevunja duka la Sitalike?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ukiwa mahabusu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Na pikipiki yangu iliyoibiwa juzi, uliiba wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Hakimu hakuwa na pikipiki. Hajawahi kuwa nayo. Watu waliangua kicheko ukumbi mzima, na Malale, alipoona watu wanacheka, akacheka nao kwa furaha kama mtu aliyefanya vizuri. Mimi pia nilicheka. Naandika hivi kwa sababu Mama Emerensiana alikuwa amesimama mlangoni na hakucheka, na jicho alilonitupia siku ile sijalisahau.

Malale alipelekwa Dodoma kupimwa akili. Alirudi baada ya miezi mitano na barua fupi: hana wazimu. Mwendesha mashtaka akasema, kama hana wazimu basi ni mjanja, na mjanja anafungwa. Kisheria ilikuwa vigumu kumpinga. Shtaka la Sitalike lilifutwa, lakini la Majengo lilibaki, na lile lilikuwa na ukweli ndani yake: Malale kweli aliingia dukani kupitia dirishani. Wanaume wawili walimnyanyua, wakamwambia atoe redio na vitenge, naye akawapa. Hao wawili hawakuonekana tena.

Jumapili moja, baada ya misa, Mama Emerensiana alikwenda Majengo kwa miguu kumtafuta mama yake Malale. Anaitwa Nyanzala. Alikuja Mpanda na ukoo wa wafugaji kutoka kaskazini, mumewe akahama na ng'ombe na kumwacha mjini na mimba. Aliishi kwa kupika komoni, pombe ya kienyeji, na kuiuza hapo hapo uani. Mama alikaa kwenye kigoda akamsikiliza hadi jua likageuka. Nyanzala alimweleza kwamba Malale alikuwa mtoto asiyejifunza kwa maumivu. Aliungua kwenye jiko lile lile mara nne. Shule aliiacha darasa la pili. Akitumwa chumvi alirudi na mkaa, au hakurudi. Na tangu mdogo alikuwa akikubali kila neno, kwa sababu akikubali watu hawampigi.

"Nimezunguka kwa waganga mpaka nimechoka," Nyanzala alisema. "Wote wanasema amerogwa."

Wiki ile Mama aliwapeleka wote wawili kwa Daktari Lyamba wa hospitali, hakimu akiwa ametoa kibali na askari akifuatana nao. Daktari alimpima Malale kichwa kwa utepe wa fundi cherehani. Akayatazama macho yake madogo, na mdomo wake wa juu uliokuwa laini, bila kile kifereji kinachoshuka kutoka puani. Kisha akamgeukia Nyanzala na kumwuliza, taratibu, kama alikuwa akinywa pombe wakati wa mimba ile.

Nyanzala alisema ndiyo. Alikuwa akiipika, akiionja, akinywa pamoja na wateja jioni, na asubuhi alikunywa iliyobaki maana ilikuwa ndiyo chakula. Wanawake wenzake walimwambia pombe inaleta maziwa.

Daktari akamweleza kwamba pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni, na huweza kuuharibu ubongo wakati unajengwa. Mtoto wa namna hiyo hana wazimu, wala si mkaidi. Husahau, hashiki kanuni, haoni linalokuja mbele, na hukubali anachoambiwa na yeyote. Hakuna dawa ya kuuponya ubongo huo, lakini mtoto akisimamiwa vizuri huishi vizuri.

"Basi ni mimi niliyemroga," Nyanzala alisema.

Mama Emerensiana akamshika mkono. "Hukujua, mdogo wangu. Na waliokushauri hawakujua. Sasa tunajua, basi tufanye la sasa."

Hakimu aliagiza taarifa ya daktari iandikwe kwa Kiswahili ili mama mtu aielewe. Daktari alikuwa na jina la hali ile kwa Kiingereza tu. Alikaa na Mama mezani asubuhi nzima wakilitafutia maneno. Nilikuwa nikisikia mashine ikipiga, ikisimama, karatasi ikichomolewa. Mwisho walikubaliana: "madhara ya pombe kwa mtoto aliyekuwa tumboni". Mama alisema neno la maana zaidi hapo ni "aliyekuwa", kwa sababu mtoto yule sasa ni mtu mzima amesimama kizimbani.

Lakini karatasi peke yake haikutosha. Mwendesha mashtaka alitaka kusikia habari za pombe kutoka kwa mwenyewe, mbele ya mahakama, katika mji ambao nusu ya watu waliokaa ukumbini walikuwa wamekunywa komoni uani kwake. Mama alikwenda tena Majengo. Alichomwambia Nyanzala nilikisikia kwake baadaye: "Hiyo ni siri yako. Ukikataa, sitakuja kukuuliza tena. Nitakuja kukusalimia tu."

Siku ya kesi Nyanzala alikuja mwenyewe. Mama Emerensiana aliomba ruhusa ya kuiacha mashine, ruhusa ya kwanza ninayoikumbuka, akaketi naye kwenye benchi. Hakimu, kwa huruma, alitaka watu watoke nje. Nyanzala akasimama.

"Waache wasikie, mheshimiwa. Humu kuna wasichana wana mimba."

Akasema yote. Hakuna aliyecheka. Malale alikuwa kizimbani akimtazama mama yake, na alipoona analia, naye akaanza kulia, bila kujua ni kwa nini.

Hakimu alimtia hatiani kwa kuingia dukani, lakini hakumfunga. Alimwachia kwa masharti ya miezi kumi na miwili: asitende kosa, na kila Ijumaa aripoti mahakamani. Ijumaa ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Mwendesha mashtaka akaanza kuandaa hati ya kumkamata. Mama ndiye aliyegundua tatizo. Siku moja kati ya saba ilikuwa inampotea Malale, lakini kila siku haiwezi kupotea. Akamwomba hakimu abadilishe sharti, aje kila asubuhi. Hakimu akabadilisha. Malale alikuja asubuhi zote za mwaka ule, akiwa wa kwanza kuliko sisi tunaolipwa, akafagia uwanja na kumwambia Mama, "Nimekuja." Mama alimjibu, "Nimekuona." Baada ya mwaka kwisha aliendelea kuja, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia masharti yamekwisha.

Halafu kuna karatasi moja. Mama aliichapa akaomba saini ya hakimu na ya daktari, ikagongwa muhuri. Inasema hivi: "Mwenye karatasi hii hukubali kila anachoulizwa. Usimwulize maswali ya ndiyo. Mwambie akueleze mwenyewe, na umwite mama yake kabla hujaandika neno." Malale hutembea nayo kwenye mfuko wa shati. Mwaka 1996 alikamatwa tena sokoni, akakubali wizi wa mbuzi saba. Askari wa zamu, kijana mgeni mjini, aliikuta ile karatasi, akaisoma mara mbili, akatuma mtu Majengo. Jioni ile Malale alilala kwao.

Karatasi hiyo imefuliwa pamoja na shati, imenyeshewa, imetumika kufungia karanga. Mama ameichapa mara kumi na moja. Hakuwahi kumkaripia. Wiki iliyopita nilimwona akimwonyesha mpiga chapa mpya mahali ilipo nakala.

Nyanzala ameacha kupika komoni na sasa anauza dagaa. Siku za kliniki hukaa na wajawazito na kuwaeleza habari zake, bila kutumwa na mtu. Wengine humsikiliza, wengine humsonya. Hurudi tena wiki inayofuata.

Mama Emerensiana hakutaka habari hizi ziandikwe. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kwanza niwasomee wenyewe. Jumamosi nilikwenda Majengo nikawasomea uani. Malale alifurahi kila niliposoma jina lake. Nyanzala alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nirekebishe mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba alilazimika kusema mahakamani.

"Sikulazimishwa," alisema. "Andika kwamba nilikuja mwenyewe."

Nimeandika.

Mama Emerensiana, unarudi Kapalamsenga kwa dada yako, kwenye upepo wa ziwa na samaki wabichi ulivyotusifia kila Ijumaa kwa miaka thelathini. Asante kwa kila ukurasa, na asante zaidi kwa ule ulioukatisha katikati ukavaa viatu. Masjala, mahakimu, wazee wa baraza, makarani na rafiki zako wa Majengo wanakuombea afya, usingizi wa kutosha na kiti laini. Uishi vema, mama yetu, na uzeeke kwa amani.