Taya la Veneranda

Kijiwe cha Kanazi hakina paa wala jina. Ni ubao mmoja mrefu uliotolewa kwenye bodi la lori bovu, umelazwa juu ya matofali kati ya cherehani ya fundi Luqmani na bucha la Bulugu, na mbele yake kuna jiko la mkaa la Bi Mwatumu na birika lake la kahawa chungu. Watu wa hapo wana mibuni nyuma ya nyumba zao, lakini kahawa wanakuja kuinywa kwa Bi Mwatumu, kwa sababu ya nyumbani haina ubishi ndani yake. Luqmani wanamwita Sentimeta, kwa ule utepe wa kupimia usiotoka shingoni. Bulugu ni Nundu, na kwa namna anavyojaza ubao hajawahi kukanusha. Na Fideli, mkulima wa maharage ambaye wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi, wanamwita Shoka, kwa ajili ya taya lake linalofika mahali kabla ya mwenyewe.

Alasiri hiyo Shoka alikuwa na picha mfukoni mwa shati, ndani ya kimfuko cha nailoni. Ilikuwa picha ya mama yake, marehemu Veneranda, na mtoto wa Shoka aliye Kanada alikuwa ameiomba. Kuituma kulikuwa sawa na kukubali jambo zima. Kutoituma kulikuwa sawa na kumfungia mtoto mlango. Basi kwa siku ishirini na mbili Shoka alikuwa anaitembeza tu mfukoni, huku kila siku akienda nyuma ya bucha kusikiliza tena ujumbe wa sauti wa mtoto huyo, faraghani, sikio likiwa kwenye simu na mgongo kwenye mabati.

Alitoka huko, akakaa, akapokea kikombe, akasema kwa sauti aliyoifanyia mazoezi:

— Jamani, kuna jamaa yangu mmoja wa Murusagamba ana jambo.

Sentimeta akamtazama Nundu. Nundu akatazama ndani ya kikombe chake.

— Jambo gani? aliuliza Sentimeta.

— Mtoto wake yuko Kanada. Alikwenda na shangazi yake, enzi zile za kuhamisha wakimbizi. Aliondoka akiwa mvulana. Sasa ni binti.

— Binti vipi?

— Binti. Jina la kike, nguo za kike, vyeti vya kule vimeandika hivyo. Wala si jambo la jana, mwaka wa nne huu. Sasa anawaza kwenda kwa daktari wa uso. Wanapunguza mfupa wa taya, wanasawazisha paji, ule uso wa kiume unakuwa wa kike. Hajaamua. Anawaza.

Shoka akasubiri kicheko, maana kicheko ndicho alichokuwa anakiogopa. Kijiwe hicho kiliwahi kumcheka diwani mwezi mzima kwa sababu ya soksi. Safari hii hakikucheka. Kilifanya kibaya zaidi, kikaanza kutoa utaalamu.

— Mfupa haupunguzwi, alisema Nundu. Mimi ni mtu wa mifupa, naongea kwa ushahidi. Ukipunguza taya, ulimi unakaa wapi?

— Unakaa mdomoni, alisema Bi Mwatumu.

— Mdomo wenyewe umeegemea taya. Taya likirudi, ulimi unarudi, mtu anakosa pa kuwekea maneno.

— Basi Shoka angekuwa mhubiri, kwa taya lile, alisema Bi Mwatumu. Na mwezi huu mzima hajatoa maneno kumi.

Shoka akanywa kahawa ambayo bado ilikuwa ya moto.

— Ulimi si tatizo, alisema Sentimeta. Tatizo ni vipimo. Mimi gauni nikilipunguza kiunoni lazima niende na begani, la sivyo linaning'inia. Sasa taya ukilipunguza sentimeta moja, pua inaonekana ndefu. Ukipunguza pua, masikio yanazidi. Ukipunguza masikio, miwani inaanguka. Huyo mtoto ataanza na kidevu atamalizia kwenye vidole vya miguu.

— Kwani anavaa miwani? aliuliza Nundu.

— Havai, alisema Shoka upesi. Kisha akakumbuka yule jamaa wa Murusagamba. — Nadhani havai.

— Mimi naona ni kuingilia kazi ya Mungu, alisema Nundu. Sikatai mtoto, nakataa patasi.

Bi Mwatumu alimgeukia taratibu, birika likiwa mkononi.

— Na hilo jino la dhahabu, Nundu, ulizaliwa nalo?

— Hili ni ajali. Ng'ombe alinipiga teke.

— Kwa hiyo Mungu alimleta ng'ombe, halafu wewe ukaenda kumwingilia kwa fundi wa meno.

Nundu akafunga mdomo na jino likapotea. Lakini si mtu wa kushindwa na birika.

— Haya, tuache Mungu. Niambieni uso wa kike ni upi. Mimi fuvu la dume na fuvu la jike nikishatoa pembe na ngozi, sijui lipi ni lipi. Miaka kumi na minane nauza supu ya kichwa, hakuna mteja aliyerudisha bakuli akasema huyu ni dume.

— Ndiyo maana nasema uso wa kike hakuna, alidakia Sentimeta. Kuna kilemba, hereni na nguo. Uso ni kitambaa tu. Na nguo ni kazi yangu, kwa hiyo wanawake wote wa Kanazi nimewashona mimi.

— Na mama yako, kabla hujazaliwa, alishonwa na nani? aliuliza Bi Mwatumu.

— Nitathibitisha, alisema Sentimeta.

Akachukua mfuko mtupu wa saruji, akaukata kwa mkasi wake wa kazi tundu la kutosha paji hadi kidevu, sura peke yake, bila nywele wala shingo. Sasa ikabidi apatikane mtu asiyewajua. Ng'ambo ya barabara alikuwapo bibi mmoja aliyeshuka kwenye gari la Biharamulo, amekalia ndoo yake akisubiri pikipiki, amewapa mgongo.

— Bibi, shikamoo, aliita Sentimeta.

— Marahaba.

— Tusaidie kidogo. Tukikwambia geuka, utageuka, utazame huu uso kwenye tundu, utuambie ni wa mwanamume au wa mwanamke.

— Mna ugonjwa?

— Hapana, bibi. Ni utafiti.

— Haya. Mimi Generoza, natoka Nyabusozi. Mkiniibia ndoo nitawajua.

Akaanza Nundu. Alikunja uso kiume kadiri alivyoweza. Bibi Generoza akageuka, akatazama kidogo tu.

— Huyo ni mama. Mashavu hayo ni ya mama. Tena ana mimba.

Bi Mwatumu ilibidi aweke birika chini. Ilipofika zamu yake mwenyewe, alitokeza sura tundu zima, akatulia.

— Huyo ni mwanamume, alisema bibi. Karani wa mahakama.

Sentimeta alikuwa anacheka mpaka utepe unamdondoka shingoni, na Nundu alikuwa anajipapasa mashavu kimyakimya, hana raha. Wakamsukumia Shoka mfuko. Hakutaka. Wakamvika. Alisimama ndani ya harufu ya saruji, taya limetokeza mbele ya karatasi kama kawaida yake, akingoja kuitwa mwanamume, apumzike.

Bibi Generoza akamtazama kwa muda mrefu kuliko wenzake.

— Huyo ni mwanamke, alisema. Mwenye nyumba yake. Ukichelewa shamba, unamkuta amesimama mlangoni, hasemi kitu, na wewe unajua.

Hakuna aliyecheka. Shoka akauvua mfuko, vumbi la saruji limemshika kwenye nyusi. Akatia mkono mfukoni, akatoa kimfuko cha nailoni, akavuka barabara, akampa bibi ile picha. Ilikuwa picha ndogo ya kuandikishwa kambini, miaka ile. Mwanamke amefunga kitambaa kichwani, ameshika kibao chenye namba chini ya kidevu, na kidevu chenyewe kimeziba namba ya kwanza.

— Ni huyu, alisema Shoka. Alikuwa anasimama mlangoni hivyo hivyo.

Wote wakawa wamevuka. Nundu alitazama picha, akamtazama Shoka, akarudi kwenye picha.

— Taya ni hilo hilo, alisema kwa unyenyekevu wa mtaalamu.

— Alikuwa mwanamke mzuri, alisema Bi Mwatumu. Mimi namkumbuka. Hakuna mtu aliyewahi kumwita baba.

— Mnaipeleka wapi? aliuliza bibi Generoza.

— Imeombwa, alisema Shoka. Huyo mtoto wa Kanada. Daktari amemwambia alete picha za wanawake wa kwao, asije akamchonga uso wa ukoo mwingine. Sasa yeye wa kwao anayemkumbuka ni bibi yake, na picha ni hii moja tu.

— Ameiomba lini?

— Wiki ya nne sasa.

— Sasa mbona bado unayo?

Nundu alitazama Nyabusozi ilipo. Sentimeta alikusanya utepe wake, akaukunja, akaukunjua.

Shoka alijua jibu. Alikuwa ameogopa Kanazi ingemcheka, hilo la kwanza. La pili lilikuwa baya zaidi. Katika mwili wa mtoto yule kitu pekee alichoweza kukionyesha na kusema hiki ni changu kilikuwa lile taya, na likishapunguzwa hakujua angemtambuaje siku akishuka kwenye gari.

— Hakuna jamaa wa Murusagamba, alisema. Ni mtoto wangu.

Alingoja wastuke. Hawakustuka.

— Lete hiyo picha niipige, alisema Sentimeta. Simu yako kioo cha kamera kimepasuka.

Akaiweka picha juu ya mfuko wa saruji, akaipiga mara tatu mpaka kivuli cha Nundu kikaondoka, akairusha kwenye simu ya Shoka. Shoka akaituma. Kisha akabonyeza pa kurekodia, akakaa na kidole hapo. Kwa miaka minne alikuwa anamwita mtoto "wewe", ili asilitamke lile jina wala asilikosee.

— Clarisse, alisema. Mwana wanje, mwanangu. Huyu ndiye bibi yako. Taya unaliona mwenyewe. Sikwambii uliache, sikwambii ulipunguze, uso ni wako. Nimechelewa, unisamehe. Nilikuwa naogopa siku ukija nisikujue. Basi ukija, wewe ndiye uniite kwanza.

— Mwambie daktari apime na masikio, alinong'ona Sentimeta, na hilo nalo likaingia.

Ujumbe ukaenda. Pikipiki ya bibi Generoza ikafika, akapanda na ndoo yake, akamuaga Nundu kwa kumwambia ajifungue salama. Wakarudi kwenye ubao. Bi Mwatumu akainamisha birika juu ya kikombe cha Shoka, likatoa mashapo tu.

— Imekwisha, alisema. Leo mmeinywa yote.

Hakuna aliyeondoka. Walikaa wakitazama mkaa unavyofifia, kila mtu akijifanya ana sababu yake, mpaka simu ikatetemeka kwenye paja la Shoka. Jibu, la sauti, dakika mbili nzima. Shoka akainuka nayo, kama kila siku, akaanza kuelekea nyuma ya bucha.

— Unakwenda wapi? aliuliza Nundu.

— Nasikiliza mara moja, narudi.

— Kaa hapa hapa, alisema Nundu. Ukiwa kule nyuma ya mabati hatusikii vizuri.

Shoka akasimama. Akawatazama mmoja mmoja, na Bi Mwatumu akamsogezea nafasi kwenye ubao. Akakaa, akaiweka simu katikati yao, akabonyeza.