Mama Vifungu na Sentensi Moja ya Leseni

Mwenzetu tunayemwita Mama Vifungu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia ofisi hii miaka ishirini na saba, miezi minne na siku kumi na moja. Siku hizo kumi na moja nimezitaja kwa kumwogopa, maana asingekosa kuniuliza zimekwenda wapi.

Aliingia akiwa mpiga chapa, akapanda hadi kuwa mhariri wa nyaraka za programu yetu ya kusajili wagonjwa, ile ambayo zahanati yoyote ina ruhusa ya kuichukua, kuibadilisha na kuwapa wengine. Ruhusa hiyo imo kwenye leseni, na leseni ilikuwa mikononi mwake. Kwa kusoma maandishi madogo hakuwa na mpinzani. Aliwahi kuirudisha kadi ya harusi ya mhasibu wetu, akitaka afafanuliwe "wewe na familia" ni watu wangapi. Ukimwambia unakuja sasa hivi, atakuuliza saa ngapi.

Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ni ya sentensi moja. Leseni yetu ni ya kawaida, kama za programu huria nyingi, ila mwanzilishi wa programu, kijana aliyekaa meza ya pembeni yake, aliiongezea mstari wake mwishoni: "Anayetumia programu hii asimrudishe mgonjwa mlangoni." Aliuandika wiki ile baba yake aliporudishwa na zahanati kwa kukosa cheti. Baadaye kijana akafariki, na mstari wake ukabaki.

Maswali yakaanza kumiminika. Zahanati inayofunga Jumapili imevunja leseni? Daktari wa meno akauliza kama ni lazima ampokee aliyevunjika mguu. Mama Vifungu alimjibu kila mmoja kwa upole, na maswali hayakuisha. Mwaka jana hospitali yenye vituo arobaini ikatupa miezi mitatu: sentensi hiyo ieleweke, ama waachane na programu yetu na kurudi kwenye madaftari.

Leseni ya namna hii haibadilishwi bila ridhaa ya kila aliyeandika sehemu ya programu. Tulikuwa kumi na tisa. Kumi na wanane tulitia saini kabla wiki haijaisha. Wa kumi na tisa alikuwa yule kijana marehemu, na haki yake ilikuwa kwa mama yake mzazi.

Mama Vifungu alikwenda mwenyewe. Safari ya kwanza alipeleka leseni ambayo sentensi imefutwa. Mama wa watu akamwambia mwanawe hakuacha mtoto wala nyumba, aliacha maneno hayo tu, sasa nayo tunayataka? Safari ya pili alipeleka sentensi ileile ikiwa na ufafanuzi wa mistari tisa. Mama akasoma, akasema mwanawe hakuwa akizungumza hivyo. Nadhani hakuna aliyewahi kumhariri Mama Vifungu vizuri kuliko yule mama.

Safari ya tatu alipeleka leseni ya kawaida bila nyongeza yoyote, na juu yake, kwenye ukurasa wa peke yake, maneno ya kijana bila kuguswa. Chini yake aliandika: "Hili si sharti la leseni. Ni ombi la aliyeanza kazi hii." Yule mama aliyafuatisha kwa kidole neno baada ya neno, akaomba kalamu.

Mwanasheria wa hospitali alijibu kwa neno moja: imeeleweka. Siku hiyo Mama Vifungu aliketi kwenye kiti cha kijana, kiti ambacho kwa miaka sita hakumruhusu mtu hata kuwekea mkoba, akalia. Sisi wengine ghafla tukawa na shughuli nyingi kwenye printa.

Tangu hapo hakuna aliyeandika kuuliza. Kazi imekamilika, na ofisi imepoa kupita kiasi. Asubuhi nafungua barua pepe za maswali, hamna kitu, na nakiri mara mbili tatu nimetamani atokee mtu mmoja tu asiyeelewa, ili tupate sababu ya kumwita.

Asante, Mama Vifungu, kwa kila koma uliyotupigania. Upumzike kwa afya na furaha, wajukuu wakuzunguke. Na simu ya ofisi ikiita kwako, tafadhali pokea, hata kama hatuna swali.