Mwalimu Gathogo na Mdudu wa Mto wa Kimilili

Wachungaji, wazee, akina mama na walimu mliokanyaga matope ya Kiminini kuja kutushika mkono, familia imemtuma Mukhisa huyu aliyesimama mbele yenu, kaka yake mjane Lenah, awasomee safari ya Mwalimu Gathogo Muigai, na huenda imemtuma makusudi, maana kati yetu sote yeye ndiye aliyemkosea marehemu zaidi, kama mtakavyosikia.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Murang'a, akiwa kifungua mimba wa marehemu mzee Hiram Muigai na marehemu mama Waruguru, waliohamia hapa Trans-Nzoia mwaka 1965. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo akitumwa maji alirudi na mtungi mtupu na mifuko iliyojaa wadudu.

Alisoma shule ya msingi papa hapa Kiminini, 1968 hadi 1974, na sekondari mjini Kitale hadi 1978, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Mosoriot, na Januari 1982 akatumwa kufundisha sayansi Kimilili, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 2021, bila kuomba uhamisho hata siku moja, kwa ajili ya watoto, na kwa ajili ya mto. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Lenah kanisani Bungoma, wakajaliwa Hillary Muigai na Roselyne Waruguru, na sasa wajukuu watatu.

Ilikuwa Juni 2012, akiwa na darasa lake mtoni, alipoinua jiwe akakuta buu mrefu kama kidole, mwenye taya za kuuma na nyuzi nane kila ubavu. Watoto walikimbia, yeye akapiga magoti. Wavuvi walimwambia kwamba hicho ni chambo tu, lakini si yeye wa kuridhika na neno tu, kwa hivyo alimfuga ndani ya beseni lenye maji na mawe, na udongo upande mmoja, akimlisha viluwiluwi, hadi akatoka mdudu wa rangi ya udongo, mwenye mabawa manne yenye madoa meupe, aliyeyakunja mgongoni kama paa la nyumba. Wataalamu wa wadudu kule Nairobi walimjibu kwamba hawajawahi kumwona wa namna hiyo, ila hawawezi kumwandika kuwa aina mpya mpaka wapate dume mzima, kwa kuwa wadudu hawa hutofautishwa kwa vibanio vilivyo mkiani mwa dume, na huyo wa Mwalimu alikuwa jike. Waliofuata wakawa majike pia, na kila buu hukaa majini miaka miwili, mitatu, kabla ya kukomaa.

Dume alipatikana Aprili 2016. Mwalimu alikuja naye kwetu Mabanga, nyumbani kwa akina Lenah, akiwa njiani kumpeleka Nairobi, akamweka kwenye sahani karibu na jiko akauke vizuri. Bahati mbaya ulikuwa msimu wa kumbikumbi, na Mukhisa, aliyetoka shambani bila chakula cha mchana, alimnyonyoa mabawa kama ilivyo desturi, akamtupa kaangoni pamoja na kumbikumbi, akamla. Mwenye njaa hana miiko, lakini hata hivyo aibu ile haijamtoka mpaka leo. Lenah alilia. Mwalimu hakununa, alifungua daftari lake, akamwuliza shemeji yake ladha ilikuwaje, akaandika: chungu kidogo.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019, figo zikachoka mwaka jana, na tarehe 3 Novemba 2025 alilazwa hospitalini Kitale. Asubuhi hiyo buu wake wa mwisho alikuwa ametoka majini na kujichimbia kwenye udongo wa beseni, na Mwalimu, ambaye angeweza kumkabidhi mtu yeyote, alimkabidhi Mukhisa, akamwambia anyunyize maji na asiwe na haraka. Kila alipotembelewa, kabla ya salamu aliuliza habari za beseni. Alituacha Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia na maswali yake, majirani walioleta kuni na viti, walimu wenzake wa Kimilili, na wanafunzi wake wa zamani waliokuja leo na chupa za maji ya mto.

Jumatano iliyopita, akina mama wakichambua mchele uani, udongo wa beseni ulipasuka. Mukhisa alichukua kioo cha kukuzia cha Mwalimu, akatazama mkiani, kisha akamwita Lenah atazame, na Roselyne, na Hillary, maana macho ya Mukhisa hayana sifa nzuri katika jambo hili. Wataalamu wanakuja Jumatatu, na sahani aliyowekwa mdudu imefungiwa kabatini, ufunguo anao Lenah.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Ni dume.