Papa Donat na Mita Mia Moja na Arobaini

Jumatatu tarehe 30 Juni 1997, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi katika Nyumba ya Wazee Sainte-Odile, Papa Donat Cirimwami atarudisha funguo za stoo ya bustani na kustaafu. Tarehe hiyo hakuichagua yeye. Hata hivyo, sisi tuliotoka Kongo tumeshamtania vya kutosha kwamba alingoja siku ya uhuru wa nchi ili naye apate wake.

Alizaliwa Walungu, Kivu. Baba yake alikuwa kantonye, yaani mtu wa barabara. Alipewa kilomita zake, jembe na sepetu, na kila mvua ilipokatika alitoka kwenda kuzikagua bila kutumwa na mtu. Papa Donat alirithi kwake mgongo usiochoka na uadui wa kudumu na maji.

Alifika Brussels mwaka 1971 kusomea bustani kwa miezi tisa. Sainte-Odile ilimwazima kwa kiangazi kimoja, na mpaka leo haijamrudisha.

Kwa wasomaji wageni niseme kwamba wengi wa wazee wetu waliwahi kuishi Kongo: mapadri, masista, walimu, watu wa reli. Wafanyakazi nao wengi ni watu wa Kivu. Ndiyo maana jarida hili lina ukurasa wa Kiswahili, na ukurasa huo nimeachiwa mimi wa chumba cha kufulia.

Visa vyake ni vingi. Katika theluji ya mwaka 1979, toroli la chakula lilipokwama, aling'oa milango miwili ya kabati la ofisini, akaipigilia chini ya toroli badala ya magurudumu, na supu ikateleza mpaka jengo la chini ikiwa bado ya moto. Mkurugenzi wa wakati ule aliulizia milango yake hadi alipostaafu. Halafu kuna mboga za lengalenga alizopanda miaka mitatu kati ya mawaridi, akiwaambia Wabelgiji kwamba ni maua. Tulizila sisi, na nyama ya kukaushwa kwa moshi juu yake.

Lakini kazi itakayobaki na jina lake ni njia.

Njia hiyo inatoka lango letu la nyuma, inapita msituni na kuteremka hadi kituo cha tramu na kanisa dogo lililo mbele yake, ambako kila Jumapili ya kwanza ya mwezi husomwa misa ya Kiswahili. Ni mita mia moja na arobaini tu. Kwa mwenye kiti cha magurudumu hakuna njia nyingine, maana upande wa barabara kuu kuna ngazi.

Januari 1995 theluji iliyeyuka, mvua ikafuata siku tatu mfululizo, na njia ikaenda na maji. Kulibaki mtaro unaofika magotini. Wazee thelathini na mmoja walitia sahihi barua ya kuomba itengenezwe. Sasa, sehemu ya juu ya njia ni yetu, ya kati ni ya komini moja, yaani manispaa, ya chini ni ya komini nyingine, na miti ina mwenyewe wa nne. Kila ofisi ilijibu kwa upole kwamba tuulize kwa jirani. Barua hizo zote ninazo kwenye faili, na upole wake unaudhi.

Papa Donat hapendi nisimulie sifa tupu, kwa hiyo nitasema na kosa lake. Mwezi Machi mwaka huo mkurugenzi wetu, Monsieur Freddy, alimharakisha, naye akamwaga changarawe kwenye sehemu yetu bila kufungua mifereji kwanza. Alhamisi ikanyesha. Changarawe yote iliteremka hadi kwenye reli za tramu. Barua ya malalamiko ilitufikia baada ya siku nne. Kumbe serikali inajua kuandika haraka! Papa Donat husema kosa halikuwa la mvua; yeye alilijua somo la baba yake akalipuuza.

Baada ya hapo tulingoja. Tulingoja mpaka Mei 1996. Kati ya wale thelathini na mmoja, saba walikufa bila kuteremka tena. Nawajua kwa majina, maana mashuka yao ya mwisho yalipita mikononi mwangu. Nasema wazi kwamba nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha.

Siku moja Sista Greta, aliyefundisha Kivu miaka thelathini na ambaye wakati huo alikuwa na miaka themanini na mitano, alimwita Papa Donat dirishani, akamwuliza kama wa nane atakuwa yeye. Papa Donat alinawa mikono, akaenda moja kwa moja ofisini.

Monsieur Freddy alimkumbusha kwamba kuchimba ardhi ya serikali bila kibali ni kosa la kufukuzwa kazi, naye amebakiza mwaka mmoja tu. Alimsihi avumilie barua moja zaidi. Monsieur Freddy alizaliwa Bukavu, Kiswahili anakisikia vizuri, na jibu alilipata kwa Kiswahili cha Kivu.

“Bon, Monsieur Freddy, mayi haingojaka barua.”

Kisha Papa Donat aliandika karatasi kwamba lawama yote itakuwa yake peke yake. Mkurugenzi aliifungia kwenye droo ya meza, akatangaza kwamba Jumamosi nne zijazo atakuwa Ostende, baharini. Jumamosi ya pili tulimwona msituni na buti.

Jumamosi hizo tulikuwa kazini watu kumi na wanne, wa jikoni, wa kufulia na wauguzi. Polycarpe, mpishi wetu, alilalamika kwamba alikimbia salongo, kazi ya lazima ya serikali, huko Zaïre na sasa ameikuta Brussels. Papa Donat aligawa njia kama baba yake alivyogawiwa barabara, kila mtu mita zake kumi, na mita hizo ni zake kabisa, kila mvua ikikatika aende kuziangalia. Kwanza tulichimba vifereji vya mshazari, maji yapate pa kutokea. Baadaye mawe, mwisho changarawe. Yeye alichukua kona, mahali penye mteremko mkali kuliko pote.

Jumapili ya kwanza ya Julai alimsukuma Sista Greta kwenda misa.

“Donat, enda pole pole,” Sista alimwambia. “Leo sina haraka.”

Sista alilia njia nzima, nami nyuma yao nililia.

Septemba alikuja mhandisi wa serikali, kijana mwenye adabu aitwaye Wout, na kamera shingoni. Alishuka kwenye tramu, akapanda hadi kwetu, akaomba aonyeshwe njia iliyobomoka. Alipoambiwa ndiyo hiyo aliyopita, aliuliza ni nani aliyeitengeneza. Papa Donat alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Walirudi wote wawili kuitazama, na Wout alipima kila kifereji, akiuliza na kuandika. Hakuna aliyefukuzwa.

Oktoba, habari za vita vya Bukavu zilipotunyima raha sote, Papa Donat alipatikana mahali pamoja tu, kwenye kona yake, na sepetu.

Kibali kimefika wiki mbili zilizopita. Kinaturuhusu kuanza kazi mwezi Septemba ujao. Kati ya ombi na jibu, nchi yetu nzima imebadilishwa jina.

Mwezi huu tulianza kubishana nani atarithi kona. Papa Donat alimaliza ubishi kwa ombi la mistari minne: anaacha funguo, stoo, toroli na mawaridi, ila anaomba abaki na mita zake kumi. Monsieur Freddy alitia sahihi palepale koridoni, amesimama, karatasi ikiwa ukutani. Katika mambo yote ya njia ile, ni ombi pekee lililojibiwa siku hiyohiyo.

Asante, Papa Donat, kwa miaka ishirini na sita, na kwa wazee ishirini na wanne uliowafungulia mlango. Tunakutakia magoti mazima, mvua zenye huruma na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake. Sista Greta amesema Jumapili ya kwanza ya Julai atakungoja langoni, saa tatu na nusu. Ikinyesha Jumamosi, sote tunajua utakuwa wapi.

Claudine, chumba cha kufulia, kwa niaba ya wenye mita